Fundi Pirot na Bunduki Iliyobana

Katika soko la silaha la Kalar, ukitaka kujua bunduki ni nzima au imechoka, huiangalii kwa macho. Unaiinua hadi sikioni, unaitikisa. Ikinyamaza, mnazungumza bei. Ikigonga, nusu ya juu ikicheza juu ya nusu ya chini, basi mwenye nayo atafute pa kuuficha uso, maana wenye maduka watasema, "Hiyo imevaa njuga," na neno hilo litamfuata hadi kwake. Wamarekani waliozitengeneza bunduki hizo waliziacha zicheze kidogo makusudi, ili askari asukume pini mbili kwa kidole, aifungue, aisafishe, aifunge. Lakini nani Kalar atakwenda kumwuliza Mmarekani? Sikio ndilo lililokuwa hakimu.

Na hakimu wa mahakimu alikuwa Fundi Pirot. Mtu mfupi, mabega mapana, mshipi wa kitambaa umezungushwa kiunoni mara saba, miwani imeshikizwa kwa waya wa simu. Mkono wake hakuna aliyeubisha, kuanzia Kalar mpaka Khanaqin. Ulimi wake, Mungu apishe mbali! Watu walivuka barabara wakamletea kazi, na watu haohao waliapa njia nzima ya kurudi kwamba hawatakanyaga tena pale. Wakarudi, wangekwenda wapi?

Siku moja alikuja mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, na bunduki yake begani. Pirot akaitikisa sikioni, akaitikisa tena, kisha akapaza sauti kichochoro kizima kisikie.

"Njooni, njooni! Bwana huyu ameoa, na ngoma amekuja nayo mwenyewe!"

Wakaja. Soko lile halikuwa na kazi nyingi asubuhi.

"Kaka," akasema Pirot, "ukienda mstari wa mbele na hii, adui hahitaji darubini. Atakusikia ukikohoa. Nani alikuuzia? Au uliokota jalalani, ukaona aibu kuirudisha?"

Yule mzee alijaribu kucheka na wenzake ili yaishe. Hayakuisha. Pirot alimvua nguo kwa maneno pale mbele za watu, akamtaja mpaka baba yake, na alipochoka ndipo akashika tupa. Jioni bunduki ilitoka imenyamaza kimya. Mzee akashukuru, akaondoka ameinamisha kichwa. Ndivyo Pirot alivyofanya kazi, na soko zima lilimpenda kwa hilo, ilimradi siku hiyo si zamu yako.

Dawa yake ilikuwa moja. Alichukua ganda la risasi lililotumika, akalipasua, akalinyoosha, akalipigapiga mpaka likawa kibati chembamba cha shaba. Akakikata kwa kipimo cha jicho, akakibandika kwa gundi kali chini ya sikio la nyuma, kile kijino cha chuma kinachochomoza kwenye ile nusu ya juu, pale kinapokaa ndani ya nusu ya chini. Kisha akakisugua kwa mafuta na majivu hadi nusu mbili zikumbatiane. Mafundi wengine walijaribu kuiga wakashindwa; vibati vyao vilibanduka baada ya wiki. Cha Pirot hakikubanduka.

Vita vilipoanza kule bondeni, wakubwa waligawa hotuba. Bunduki kila mtu alijitafutia. Pirot alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Hardi, kijana wa miaka ishirini na mbili, mpole mpaka watu wakajiuliza amezaliwaje na yule baba. Hardi akajiandikisha. Pirot akamtafutia bunduki ya Kimarekani. Nusu ya juu ilikuwa nzuri, nusu ya chini imelika vibaya sana. Kibati kimoja hakikutosha. Akaweka viwili, kimoja juu ya kingine, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla, wala hakulifanya tena baadaye.

Ilipokuwa tayari aliipeleka duka hadi duka. "Tikisa! Weka sikio hapo, tikisa! Unasikia nini?" Hakuna aliyesikia kitu. Hardi akajaribu kuifungua kwa kidole gumba, kama askari wanavyofundishwa. Pini haikutingishika. Akajaribu tena, uso ukaanza kuwa mwekundu.

"Tazameni kidole hicho!" Pirot akasema. "Kimezoea kubofya simu. Mwanangu, hii ni bunduki, haifunguki kwa kubembelezwa. Utafute mke mwenye nguvu akufungulie!"

Soko likaangua kicheko. Hardi naye akacheka, akafuta jasho, akaibeba bunduki yake akaenda vitani nayo.

Mwaka haukuisha, kikosi chake kilisukumwa kutoka kilima kimoja upande wa pili wa mto Sirwan, asubuhi ya tufani la vumbi. Wengine walirudi. Hardi hakurudi. Mkubwa wa kikosi, Shaswar, jirani wa mtaa wa tatu, alikuja mwenyewe nyumbani akakaa kwenye zulia, akashika mkono wa Pirot.

"Alikuwa nyuma yetu," akasema. "Vumbi lilikuwa zito, baba, mtu haoni kiganja chake. Lakini wametekwa watu siku ile, nimesikia kwa masikio yangu. Maadui hawa hubadilishana wafungwa. Subirini."

Wakasubiri miezi kumi na minne. Kwestan, mkewe Pirot, alioka mkate mmoja zaidi kila asubuhi, akaufunika kwa kitambaa, na jioni akaula mwenyewe ukiwa mkavu ili usitupwe. Kila sikukuu alimpelekea Shaswar sufuria la dolma, mboga zilizojazwa wali, maana ndiye mtu wa mwisho aliyemwona mwanawe. Naye Pirot, kila alipomwona Shaswar sokoni, alinyanyuka kitini. Kwa mtu mwingine yeyote Pirot hakuwahi kunyanyuka.

Alhamisi moja Shaswar akaja dukani na bunduki imeviringishwa kwenye blanketi.

"Usichoke, fundi!" akasalimia.

"Nawe usichoke, Kaka Shaswar. Kaa, kaa hapa, kiti hicho kina msumari. Osman! Chai mbili!"

Osman muuza chai alikuwa ng'ambo ya kichochoro, hatua nne tu. Hakuna kilichosemwa kwa Pirot ambacho Osman hakukisikia.

"Kuna habari za wafungwa?" Pirot akauliza, sauti imeshuka. Swali hilo aliliuliza kila mara kwa sauti hiyohiyo.

"Mazungumzo yanaendelea. Yana mlolongo, baba, unajua mambo ya wakubwa. Subira."

"Mungu akuweke." Pirot akajipangusa mikono. "Haya, kuna nini humo?"

Shaswar akafunua blanketi. Bunduki ilikuwa safi, imepakwa mafuta, kitako kipya. Kesho Ijumaa alikuwa na mgeni, mkubwa kutoka mjini, anayekuja kula kwake. Na mgeni wa namna ile hapewi chakula tu akaenda. Bunduki ndiyo ilikuwa zawadi. Ila ilikuwa imebana. Nusu mbili zimeshikana hazitoki. Alikwisha kuipeleka kwa mafundi wawili.

"Wote wameniambia, mpelekee Pirot. Nikiwa nampa mtu mkubwa kitu, akitaka kukifungua aite mhunzi, si ataniona mjinga?"

Nitakwambia kwa nini Shaswar hakuogopa kuileta pale. Bunduki hizi namba zake huchongwa kwenye nusu ya chini. Nusu ya juu haina jina wala namba. Ziko maelfu, nyeusi zote, za aina moja zote. Yeye alikwisha kuitupa mtoni ile nusu ya chini, akanunua nyingine. Akajiona amemaliza. Na mzee mwenye miwani ya waya angejua nini?

Pirot akaiinua sikioni kwanza, kwa mazoea. Kimya.

"Imeshikana vizuri," akasema.

"Imeshikana mno!"

"Bora mno kuliko njuga." Akaigeuza, akaona ubavu wake. "Lo! Na aliyeipiga hapa ni nani? Huyu si fundi, huyu anafaa kuvunjia watu nazi, kama tungekuwa na nazi. Tazama!"

Shaswar akacheka. "Fundi wa magari."

"Nilijua. Kila asiyejua kazi yake anakimbilia nyundo."

Akatia mafuta kwenye matundu ya pini, akaacha yanywe. Wakanywa chai yao, Shaswar akitupia vipande viwili vya sukari. Kisha Pirot akachukua kijiti cha mbao ngumu, akakilenga kwenye pini ya mbele, akagonga kidogo kidogo; ikatoka. Ya nyuma ilikataa. Akaweka bunduki juu ya gunia la mchanga, akaipasha moto kwa taa ya mafuta upande wa nje tu, akagonga tena. Ikalia, ikasogea. Akaingiza kabari ya mbao kati ya nusu mbili, akabembeleza, na ghafla zikaachana.

Akaigeuza nusu ya juu kwenye mwanga ili aone inakwaruza wapi. Hapo ndipo alipoviona. Vibati viwili, kimoja juu ya kingine, kona imekatwa mshazari kwa mkasi wa mkewe, kwa sababu siku ile wa kwake ulikuwa butu.

Aliifunga ile nusu ya juu kwenye jiliwa, akakaza, akakaza tena, mpaka mkono wa mtu usingeweza kuikwapua. Akashika kopo la masizi na brashi, akaanza kupaka kwenye sikio la nyuma kama afanyavyo kwa kazi yoyote, maana masizi yakifutika ndipo panapogusana. Mikono ilikuwa inafanya kazi yake. Yeye mwenyewe alikuwa mbali.

"Umeipata wapi, Kaka Shaswar?"

"Nimenunua."

"Kwa nani?"

"Huko Tuz, kwa mtu mmoja. Ah, fundi, siku hizi umeajiriwa na polisi?"

"Nauliza tu. Aliyeibana hivi alijua kazi."

"Angejua kazi nisingekuwa hapa nakunywa chai ya Osman."

"Ni kweli," Pirot akasema. Akaweka brashi chini. "Kaka Shaswar, hapa Kalar kuna fundi mmoja anayebandika kibati cha ganda la risasi. Mmoja. Na fundi huyo ameweka viwili mara moja tu maishani mwake."

Glasi ya chai ya Shaswar ilikuwa njiani kwenda mdomoni. Ikarudi kwenye kisahani.

Mtu mwingine hapo angefunga mlango. Angemshika mwenzake mkono, amwulize taratibu, apewe uongo mwingine ulio laini, aende nao mpaka kaburini. Lakini Pirot hakujua kuuliza faraghani. Miaka thelathini alikuwa na silaha moja tu, na ndiyo aliyoifikia.

"Osman!" akapiga kelele. "Acha birika, njoo! Njooni nyote! Kaka Shaswar ameniletea bunduki ya mwanangu!"

Wakaja. Wenye maduka, wateja wao, mtu mmoja na sandwichi mkononi. Kichochoro kikajaa.

"Nyamaza, mzee," Shaswar akasema kwa meno yaliyobanana.

"Ninyamaze? Miezi kumi na minne nimenyamaza! Mtazameni! Alikaa kwenye zulia langu akanishika mkono. Alikuwa nyuma yetu, anasema, vumbi lilikuwa zito, anasema. Vumbi lilikuwa zito lakini bunduki uliiona, sivyo? Mke wangu anakupikia dolma, wewe unakula, unapangusa masharubu, unasema subira!"

"Fundi, nakuambia..."

"Uliiba kwa mtu aliye hai au kwa maiti? Jibu! Mkubwa mzima, bastola mbili kiunoni! Mbona masharubu yanatetemeka? Waambie watu, wamekuja kusikia!"

Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo, kicheko cha mazoea. Sokoni pale Pirot akianza, watu hucheka. Kicheko hicho ndicho kilichomfika Shaswar rohoni. Akasimama. Yule hakuwa na haya tena wala hakuwa na cha kupoteza.

"Unataka nikuambie mbele za watu? Vizuri, sikia mbele za watu." Akatoa kidole akakielekeza kwenye jiliwa. "Siku tatu tulikuwa kwenye vumbi. Kila mtu alifungua bunduki yake akaisafisha, asubuhi na jioni, hata zile mnazoziita njuga. Mwanao hakuisafisha hata mara moja. Kwa nini? Haifunguki! Tulimcheka. Asubuhi ya tatu adui alipokuja, bunduki ya mwanao ikapiga risasi mbili ikakwama. Tukaanza kurudi nyuma. Nikamwita, Hardi, achana nayo, kimbia! Akasema, ngoja, ngoja kidogo, nitaifungua. Alikuwa amepiga magoti, ameshika jiwe, anaipiga kwa jiwe. Risasi ikampata shingoni. Nilirudi nikitambaa kwa tumbo mpaka alipolala, mimi, si mwingine. Unajua alisema nini? Alisema, ulaaniwe mkono ulioibana. Basi. Ndiyo neno lake la mwisho, sikuongeza wala sikupunguza."

Yule mwenye sandwichi akaishusha.

"Nilimfunika mawe," Shaswar akasema. "Bunduki nikachukua. Ndiyo, niliichukua! Ingewafaa nini waliokuja nyuma yetu? Na wewe nikakudanganya, kwa sababu ningekuambia mtoto amekufa ungeniuliza bunduki iko wapi. Wewe ungeniuliza bunduki kwanza, fundi. Kila mtu hapa anakujua."

Hakuna aliyembishia. Pirot aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta wa kumbishia.

Akainama kwenye jiliwa. Kando ya zile alama za nyundo, bapa na safi, kulikuwa na nyingine ndogo zilizochimbika, na mikwaruzo mingi iliyokwenda huku na huku. Alikuwa ameziona zote tangu mwanzo, akazicheka. Nyundo haiachi alama za namna ile. Akapitisha kidole juu yake, akahesabu mpaka kumi na moja, akaacha.

Akasema Osman muuza chai, na sijui hata leo kama alikusudia ubaya au mdomo ulimponyoka, "Angalau haikuvaa njuga, fundi."

Watu wawili walicheka, wakaziba midomo. Kisha kundi likaanza kutawanyika, kila mtu amekumbuka kazi yake. Wanaume wale walikuwa wamekula naye mkate miaka thelathini, na hakuna hata mmoja aliyeweka mkono begani mwake. Wengi wao walikuwa wanangoja siku hiyo.

"Malizia," Shaswar akasema. Akakaa tena kwenye kiti kisicho na msumari. "Nina mgeni kesho."

Nawe utauliza, kwa nini hakumpiga nyundo ya kichwa? Nyundo ilikuwa hapo, mkono ulikuwa hapo. Mimi nimeuliza pia. Lakini Pirot akachukua kisu chembamba, akakiingiza chini ya kibati cha juu. Gundi yake ilikuwa nzuri, ilichukua muda. Kikatoka. Akaingiza chini ya cha pili, nacho kikatoka. Akasugua pale kwa msasa laini na mafuta, taratibu, asile chuma, maana chuma kikiondoka hakirudi. Akafuta masizi. Akaitoa kwenye jiliwa, akaishusha juu ya nusu ya chini, ikakaa yenyewe. Pini akazisukuma kwa kidole gumba, moja, mbili, zikaingia bila sauti. Akazisukuma nje. Akazirudisha. Akafanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, anafungua, anafunga, na kila mara ilifunguka.

Ilikuwa imechukua chini ya nusu saa.

Shaswar akaichukua, akaiinua sikioni, akaitikisa. Ikagonga.

"Sasa inacheza," akasema. Alikuwa amechukizwa kweli. "Nitampaje mtu mkubwa kitu kinachocheza?"

"Chukua," Pirot akasema.

"Fundi..."

"Chukua uondoke, Shaswar."

Akaiviringisha kwenye blanketi akaondoka nayo, na soko likampisha.

Pirot hakufunga duka. Aliliacha wazi, tupa zimetandazwa, akatembea hadi nyumbani mchana kweupe, jambo ambalo majirani walilitazama madirishani. Kwestan alikuwa uani anamenya bamia. Karibu naye mkate wa ziada ulikuwa umefunikwa kwa kitambaa. Alipomwona mumewe saa hizo akaweka kisu chini.

"Amekufa," Pirot akasema. Hakujua namna nyingine ya kusema.

Kwestan hakupiga mayowe kama Pirot alivyotarajia. Alijishika kifua kwa mikono miwili, akayumba kidogo mbele na nyuma. Midomo yake ilikuwa inasema kitu kisichosikika. Kisha akauliza, "Nani kakuambia?"

"Shaswar. Siku ileile. Alijua tangu siku ileile."

"Na dolma zangu alikula."

"Alikula."

"Alikufaje?"

Hapo Pirot angeweza kusema risasi ya shingoni, na ungekuwa ukweli, na ungetosha. Mama yeyote angetosheka. Lakini alikuwa amebeba lile neno tangu sokoni na lilikuwa linamchoma. Nadhani alitaka mtu mmoja duniani amwambie si kosa lako.

"Bunduki ilikwama," akasema. "Haikufunguka. Alikuwa anaipiga kwa jiwe. Mama Hardi, niliibana mno. Lakini mimi ningejuaje? Hakuniambia! Mtoto hakusema hata neno moja! Angesema, si ningemlegezea? Kazi ya nusu saa! Nusu saa tu!"

Kwestan akamtazama. Hakuwa analia bado.

"Alisema," akajibu.

"Alisema kwa nani?"

"Kwangu. Alipokuja ile likizo ya siku mbili. Alikaa hapo uliposimama, na hiyo bunduki magotini, anahangaika nayo mpaka kucha ikang'oka. Nikamfunga kidole kwa kitambaa. Nikamwambia, mpelekee babako, ni kazi yake. Akaenda. Akafika hadi mlango wa duka, Baba Hardi. Akakukuta unamcheka mtu, na watu wamejaa. Akageuka akarudi hapa."

Pirot aliutazama mlango wa ua.

"Akaniambia, Mama, usimwambie. Atanifanya kichekesho mbele ya soko zima, nami nitarudi kule na aibu hiyo. Bora nirudi nayo hivihivi." Akachukua kisu chake, akashika bamia moja, akashindwa kuikata. "Siku mbili nilikuwa nayo ulimini. Kila ukiingia nasema, sasa namwambia. Nikikutazama uso, naacha."

"Kwa nini?" Pirot akasema. "Wewe ni mke wangu. Kwa nini hukuniambia wewe?"

"Nilikuogopa," Kwestan akasema. "Na mimi nilikuogopa."